Kusoma saikolojia katika chuo kidogo: mwongozo wa miaka mitatu

Idara yetu ilikuwa na walimu wanne, chumba kimoja chenye feni iliyozunguka ikijisikia, na kabati la chuma lililoandikwa kwa chaki MAABARA. Mwaka wa pili kabati likafunguliwa mbele yetu. Ndani kulikuwa na saa mbili za kupimia muda, moja imekufa betri, na rundo la madodoso yaliyojazwa kwa ajili ya wanafunzi waliohitimu kabla yetu, pembeni yameliwa na mchwa. Darasani tulikuwa 31. Wenzetu wa vyuo vikubwa walikuwa wanasikiliza mhadhara wakiwa mamia, wengine wamesimama madirishani.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, watoto wa ndugu na wa majirani wananipigia simu: "Dada, nimepata saikolojia, ila chuo chenyewe kidogo. Niende?" Huwa nawajibu nenda, ila ujue unakwenda kuchukua nini. Chuo kidogo hakina cha kukupa zaidi ya watu. Mwalimu anakujua kwa jina, anajua Jumanne hukuwepo, na ukitaka dakika ishirini zake unazipata. Anayekwenda pale akakaa viti vya nyuma na kutegemea desa, yale makaratasi ya muhtasari ya kutoa kopi, amelipia kitu asichokitumia.

Hatua ya 1: Kabla hujatuma maombi

Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka huo, tafuta chuo, kisha soma jina la programu lilivyoandikwa. Kuna digrii ya saikolojia, kuna ya ushauri nasaha, kuna ya elimu yenye saikolojia ndani yake. Ni vitu vitatu tofauti, hata kama bango la chuo linavitaja kwa pumzi moja. Kigezo cha jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, lakini chuo kinaweza kuongeza masharti yake, kwa hiyo soma mstari mpaka mwisho. Programu isiyokuwemo kwenye mwongozo achana nayo, majengo yawe mazuri vipi.

Kisha nenda mwenyewe, au piga simu idarani, uulize mambo mawili. Takwimu zinafundishwa semesta ngapi? Na mwaka wa tatu kila mwanafunzi anafanya utafiti wake, au mnafanya kwa makundi? Chuo kinachomaliza takwimu kwa semesta moja na kuweka majina kumi kwenye ripoti moja kitakupa cheti. Saikolojia utajitafutia.

La tatu ni la nyumbani. Waambie wazazi mapema kwamba digrii ya kwanza haikufanyi mtu wa kutibu watu. Daktari wa magonjwa ya akili alisoma udaktari kwanza, ndiyo maana anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anahitaji shahada ya uzamili na mazoezi chini ya msimamizi. Hapa Tanzania MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanayo programu hiyo. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na anayefanya kazi hiyo anatakiwa asajiliwe na bodi. Usipolisema hili mapema litakusubiri mlangoni. Nilipomaliza tu, mama mdogo alikuja na kijana wake aliyegoma kwenda shule. "Si umesoma akili? Haya, muone mwenzio." Nilikaa naye kama dada yake, tukaongea mpira na muziki, kisha nikamsindikiza yeye na mama yake hospitali ya wilaya. Mama mdogo alinuna wiki nzima.

Hatua ya 2: Takwimu, tangu wiki ya kwanza

Wengi wanakimbilia saikolojia kwa sababu wamechoka na hesabu, halafu wanazikuta zimewatangulia. Darasani kwetu somo lililotoa sapu, yaani mitihani ya marudio, nyingi kuliko yote halikuwa la ubongo wala la magonjwa ya akili. Ni takwimu. Waliolikeri, yaani waliolibeba bila kulifaulu, waliburuzana nalo mpaka mwaka wa tatu, na mmoja alidisko, akaondolewa chuoni, akiwa na A ya nadharia za haiba.

Usianze na kompyuta. Anza na kalamu. Waulize wenzako watano wa hosteli walilala kwa saa ngapi usiku wa kuamkia mtihani. Tuseme wamejibu 4, 5, 6, 6 na 9. Jumla ni 30, gawa kwa 5, wastani ni 6. Sasa tafuta kila mmoja yuko mbali kiasi gani na wastani: -2, -1, 0, 0, 3. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 4, 1, 0, 0, 9. Jumla 14. Gawa kwa 4, si kwa 5, upate 3.5, na kipeuo chake cha pili ni kama 1.87. Huo ndio mkengeuko sanifu, kipimo cha namna majibu yalivyotawanyika kuuzunguka wastani.

Mwangalie yule aliyelala saa 9. Mtoe, rudia hesabu na wanne waliobaki. Wastani unashuka hadi 5.25, na mkengeuko unakatika karibu nusu, unakuwa 0.96. Ukishamwona mtu mmoja akivuta namba za watu watano kwa mkono wako mwenyewe, hutauliza tena kwa nini walimu wanagomba kuhusu sampuli ndogo. Na kama umejiuliza kwa nini tumegawa kwa 4 wakati watu ni 5, vizuri, hilo swali liandike pembeni, tutalitumia hatua ya nne.

Baada ya hapo ndipo ukae kwenye kompyuta. JASP na jamovi ni programu za takwimu za bure, R pia ni ya bure. Mimi nilinunua SPSS, ile programu ya kulipia, nakala ya wizi kwenye flashi, steshenari ya getini, kwa bei ya chipsi mayai. Iliingia na virusi, ikanilia sura nzima ya ripoti.

Kuhusu thamani ya p, ile namba ambayo majaribio ya takwimu yatakutolea, jipime hivi: mweleze mtu asiyesoma takwimu, kwa Kiswahili, bila kutaja p. Kitu kama: "Tuchukulie hakuna tofauti yoyote kati ya makundi haya mawili. Je, ni mara chache kiasi gani bahati tu ingetupa pengo kubwa kama hili tuliloliona, au kubwa zaidi?" Ukikwama katikati, bado hujaielewa, hata kama ulipata 18 kwa 20 kwenye jaribio. Ni muhimu kwa sababu fani nzima imewahi kuumbuka hapa. Mwaka 2015 jopo la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha chapishwa. Katika zile za awali, 97 katika kila mia zilikuwa na p inayokubalika, yaani ndogo kiasi kwamba bahati tu haielezi matokeo kirahisi. Katika marudio, 36 katika mia.

Hatua ya 3: Soma nje ya desa

Desa letu lilianza na Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, likaishia Marekani. Mwaka mzima nilidhani saikolojia ni kitu kinachoshushwa bandarini kwenye kontena. Uvivu wangu tu, maana ilibidi nitafute.

Chukua ile nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi, mnayoikariri kwa majina ya Bowlby na Ainsworth. Mary Ainsworth aliishi Uganda mwaka 1954 na 1955, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya jirani na Kampala, akikaa sebuleni kwa watu na kutazama mtoto anafanya nini mama akiinuka kwenda nje. Nani analia, nani anatambaa kumfuata, nani hajali. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka mwaka 1967. Kazi yake ya Baltimore, Marekani, ile ya chumba chenye vitu vya kuchezea na mgeni anayeingia, ilikuja baada ya Uganda. Liandike hilo kwenye mtihani uone kama msahihishaji aliyechoka hatainua kichwa.

Au mwanasaikolojia Robert Serpell. Mwaka 1979 alichapisha kazi ambayo watoto wa Zambia na wa Uingereza walipewa maumbo ya kunakili kwa vifaa tofauti. Kwa karatasi na penseli, Waingereza walikuwa mbele. Kwa waya, Wazambia wakawa mbele. Kwa udongo wakalingana. Aliyekulia uswahilini hahitaji maelezo. Amekwisha liona gari la waya lenye usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, taa zake vizibo vya soda. Sasa kipimo cha akili kilichotengenezwa kwa penseli peke yake kingemwandika nini mtoto aliyeliunda? Ndiyo maana makala ya Joseph Henrich na wenzake ya mwaka 2010, iliyolalamika kwamba washiriki wa tafiti za saikolojia karibu wote wametoka kwenye nchi chache tajiri za Magharibi, kwetu ilisomeka kama habari ya zamani.

Maktaba yetu ilikuwa na rafu moja na nusu ya saikolojia, na hiyo nusu ilikuwa theolojia. Isikukwamishe. Google Scholar inakuonyesha kama kuna nakala ya bure, PubMed Central iko wazi, na AJOL ina majarida ya Afrika ambayo mengi huyakuti kwingine. Makala ikiwa imefungwa, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari minne: wewe ni nani, unasoma wapi, unataka makala gani, asante. Mimi niliandika kama mara kumi hivi, wengi wakanitumia, mmoja akanitumia na dodoso lake lote.

Hatua ya 4: Bisha hodi kwa mwalimu

Hapa ndipo chuo kidogo kinapolipa, na hapa ndipo wengi wanaona aibu. Nenda wiki ya tatu ya semesta. Wiki ya mwisho kabla ya UE, mtihani wa kumaliza semesta, mlango una foleni na mwalimu ana hasira. Nenda na swali moja lililoandikwa. "Dokta, topiki ya pili yote sijaelewa" si swali.

"Hodi. Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, karibu. Kosiwaki yako ina tatizo?"

"Hapana, Dokta. Nataka kujua kwa nini kwenye mkengeuko tunagawa kwa idadi ya watu kutoa mmoja."

Alivua miwani, akaiweka mezani. Akaniuliza: "Ukijua wastani ni 6, na ukajua majibu ya watu wanne, wa tano ana uhuru wa kujibu anachotaka?" Nikapiga hesabu kichwani. Hana. Wanne wakishasema, namba ya tano imeshafungwa. "Basi umegawa kwa waliokuwa huru," akasema. Nilitoka baada ya dakika arobaini, na wiki iliyofuata akaniita nimsaidie kunukuu mahojiano ya utafiti wake, yaani kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye sauti. Saa moja ya sauti inakula saa nne au zaidi za kuandika, vidole vinakufa ganzi, lakini pale nilijifunza kusikiliza kuliko darasa lolote lilivyonifunza. Kwa hiyo usisubiri kuitwa. Uliza: "Dokta, kuna data za kuingiza? Kuna mahojiano ya kunukuu?"

Ubaya wake pia ujulikane. Walimu wakiwa wanne, ukigombana na mmoja umegombana na robo ya idara. Na mwalimu mmoja akikufundisha masomo manne, unaanza kuiona dunia kwa miwani yake. Wetu alikuwa mtu wa Freud, yule aliyetafuta chanzo cha mambo utotoni, tena kupindukia. Mpaka leo mtu akichelewa kikao najishika nisimtafutie sababu ya utotoni.

Hatua ya 5: Fildi, yaani mazoezi ya kazi

Omba nafasi mapema, kabla darasa zima halijamiminika kwenye ofisi moja ya ustawi wa jamii. Shule, mahabusu ya watoto, kituo cha waraibu, idara ya rasilimali watu, popote penye watu. Kila jioni andika ukurasa mmoja: uliona nini, ulidhani nini, na hivyo viwili viweke mbali. "Alikuwa na huzuni" ni ulichodhani. "Aliangalia sakafu, alijibu kwa neno moja moja" ndicho ulichoona. Majina ya watu yasiingie kwenye daftari hata kwa kifupi.

Hatua ya 6: Utafiti wa mwaka wa tatu

Chagua mada unayoweza kuifikia kwa miguu au kwa bodaboda. Kama inahusu shule, barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala, kisha ngazi kwa ngazi mpaka kwa mkuu wa shule, na kila meza ina siku zake. Jipe miezi miwili ya barua.

Kazi kubwa ya kwanza ni lugha. Nilichukua dodoso la Kiingereza la huzuni lenye sentensi inayotaja rangi ya bluu kwa maana ya unyonge. Programu ya kutafsiri ikanipa: "Nilihisi bluu." Nikaenda kumsomea mama anayetuuzia chapati, nikamuuliza anaelewaje.

Akafikiri kidogo. "Anashabikia Azam?"

Nikafuta, nikaandika "nilikuwa na mawazo". Hili alilidaka haraka mno. "Nani hana mawazo, mwanangu? Kodi, ada, mkaa umepanda." Nikakaa kwenye benchi lake nikijua nimeharibu tena. Mawazo kwetu yamebeba madeni, mapenzi na maradhi kwa pamoja, na dodoso langu lingempa alama za ugonjwa kila anayedaiwa. Tulimaliza na sentensi mbili fupi badala ya moja, moja ya moyo kuwa mzito, nyingine ya kukosa hamu ya vitu mtu alivyokuwa akivipenda.

Kwa hiyo, kwanza angalia kama tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha pimwa ipo. Ya PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, ipo na haitozwi pesa. Kama haipo, mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona ya asili airudishe kwenye lugha ya kwanza, mkae mlinganishe. Halafu, na hili wengi wanaliruka, msomee mtu mzima asiye mwanachuo na umuulize kila sentensi ameielewaje.

Kazi ya pili ni siri, na kwenye chuo kidogo siri ni ngumu kuliko unavyofikiri. Rasimu yangu ya kwanza iliuliza mwaka wa masomo, jinsia, umri, dini na mkoa, bila jina. Msimamizi akaisoma, akaniuliza: "Wasichana wa mwaka wa pili wanaotoka Kigoma wako wangapi?" Alikuwa mmoja, na alikuwa rafiki yangu. Jina sikuliuliza, lakini nilikuwa nimeliandika. Toa kila swali ambalo hutalitumia kwenye uchambuzi. Tumia visanduku vya kuweka tiki, maana mwandiko wa mwenzako wa darasani unaujua. Weka boksi lililofungwa watu watumbukize wenyewe. Usimpe CR, kiongozi wa darasa, akusanye.

Kisha swali la tisa la PHQ-9, linalouliza kama mtu amewaza kwamba bora afe au kujidhuru. Kabla hujachapisha nakala hata moja, andika kwenye pendekezo lako: mtu akiweka tiki hapo, nini kitafuata? Dodoso lisilo na jina halikupi mtu wa kumfuata. Sisi tuliweka ukurasa wa mwisho wa kuchana na kuondoka nao, wenye mahali pa kupata msaada, na siku ya kukusanya mshauri wa chuo alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na kila mshiriki aliambiwa hivyo kabla hajaanza kujaza. Huna mtu wa kukaa chumba cha pili? Badilisha mada. Usingizi, kumbukumbu, matumizi ya simu, zote zinapimika na zinatosha kwa digrii ya kwanza.

Hatua ya 7: Kabla hujaondoka

Daraja la pili la juu linaanzia GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ya 3.5 na la kwanza 4.4. Kama una mpango wa uzamili, lenga 3.5 tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka wa tatu peke yake haubebi miwili iliyolegea.

Barua za mapendekezo ziombe wiki tatu kabla ya tarehe, ukimpelekea mwalimu matokeo yako, wasifu wako, na aya moja ya kumkumbusha mlichofanya pamoja: mahojiano mangapi ulinukuu, ulichambua nini. Mwalimu wa chuo kidogo ataandika ukurasa mzima wenye vitu alivyoviona kwa macho yake, na barua ya namna hiyo inasomwa mpaka chini.

Na lile kabati la chuma. Madodoso yako yaliyojazwa usiyaache humo kama walivyofanya waliotutangulia. Kwenye fomu ya ridhaa uliahidi kuyateketeza baada ya muda fulani, basi yateketeze siku hiyo. Acha dodoso tupu la Kiswahili, na karatasi moja inayoeleza kila neno lililokushinda na ulivyolitatua. Sisi tuliacha la bluu, na chini yake jibu la mama wa chapati.